Kubana Hadi Tone la Mwisho: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Shemeji yangu amenipa jina la utani: Mkono wa Birika. Alinibandika mwaka aliokuja kukaa kwetu miezi minne, akanikuta asubuhi nakata tyubu ya dawa ya meno kwa mkasi ili nikombe iliyojificha pembeni. Jina sijalikataa. Tunaishi Tabata, Dar es Salaam, watu sita kwenye vyumba vitatu, kwa mishahara miwili isiyo na mbwembwe. Miaka kumi na moja ya kubana imetupa kiwanja kimoja, madeni sifuri, na sifa mbaya kwa ndugu wa upande wa mume.

Maswali haya nimeulizwa kwenye kikoba, msibani, kwenye foleni ya maji, na mengine yalikuwa kejeli tupu. Nimeyajibu yote kama ya kweli.

Kubana matumizi na ubahili si kitu kimoja?

Mimi hujiuliza hivi: hiyo pesa niliyookoa, nani ameilipa? Nikikata tyubu kwa mkasi hakuna aliyelipa, maana ile dawa ilikuwa inakwenda jalalani. Lakini mtu anayetua kwa mdogo wake kila Jumapili saa saba mchana na watoto watatu, mkononi hana hata fungu la nyanya, hajaokoa chochote. Mdogo wake ndiye kalipa. Anayempunguzia dada wa kazi chai ya asubuhi analipiwa na dada wa kazi. Anayemlalia mama wa mchicha robo saa nzima mpaka aachiwe fungu la mia tatu kwa mia mbili, kalipiwa na mtu mwenye shida kumzidi.

Yuko pia anayejilipisha mwenyewe kesho: anaruka dozi, anaacha breki za pikipiki ziishe. Huyo kakopa tu, na riba ataikuta hospitalini.

Ukishika kipimo hicho utaona mengi yanayochekwa ni halali kabisa, na baadhi ya yale yanayosifiwa kuwa ujanja wa mjini ni udokozi.

Nimejaribu kubana mara nyingi nikashindwa. Nianzie wapi?

Anzia kwenye daftari, usianzie kwenye sukari. Mwezi mzima usipunguze kitu, andika tu kila shilingi inayotoka: vocha, kitumbua, maji ya chupa, sadaka, mia mbili ya choo cha stendi. Usiandike "matumizi mengineyo", maana humo ndimo pesa inamojificha.

Mimi nilipoanza nilikuwa nimeshapunguza sukari kwenye chai ya watoto mpaka wananuna. Daftari likaniambia kwamba mimi mwenyewe nilikuwa napanda bodaboda kutoka kituoni hadi nyumbani, elfu moja asubuhi, elfu moja jioni. Siku 26 za kazi ni shilingi 52,000. Ni mwendo wa dakika ishirini kwa mguu! Sukari nikairudisha, bodaboda nikaibakiza kwa siku za mvua na siku za mzigo. Bandu bandu huisha gogo, na kila mtu anausema huo msemo, ila wachache wanajua shoka lao liko wapi.

Ni kweli maskini ananunua vitu kwa bei ya juu kuliko tajiri?

Kweli tupu. Chukua mafuta ya kula ya kupima, mkaa wa kopo, sukari robo, unga nusu. Mwenye duka la mtaani amenunua dumu zima au gunia zima, amelipa usafiri, anamwaga kidogo, anakaa mpaka usiku. Yote hayo anayagawa kwenye vile vikopo. Anayenunua kopo la mkaa kila siku, ukimjumlishia mwezi, amelipa zaidi ya bei ya gunia na gunia lenyewe hana. Muuza duka hana kosa hapo. Kinachotofautisha ni nani ana mtaji wa kununua kwa wingi siku moja.

Sisi tulilimaliza kwa majirani. Kaya tatu tunachanga, mmoja anakwenda sokoni Tandale kwa nafaka au Mabibo kwa vitunguu na viazi, tunagawana barazani kwa mzani wa kuning'iniza. Mzani tulinunua pamoja. Bila mzani, urafiki ungekufa mwezi wa pili.

Angalieni na magunia yenyewe. Gunia la lumbesa, lile lililoshonewa kilemba juu, limepigwa marufuku kwa sababu linamnyonya mkulima. Kisheria gunia halitakiwi kuzidi kilo 100. Kwa mnunuzi wa mjini nalo lina tatizo lake: unalipa kwa kukadiria kwa macho. Nunua kwa kilo.

Na msinunue msichoweza kuhifadhi. Mwaka mmoja nilijifanya mjanja, nikachukua maharage ya kutosha nusu mwaka, nikayaweka stoo kwenye mfuko wa kawaida. Mwezi wa tatu nilipofungua, maharage yamebunguliwa, kila punje ina tundu kama imetobolewa kwa sindano, na chini ya mfuko unga mweupe. Nikala hasara, na maharage yenyewe tukayala hivyo hivyo kwa kuyaelesha kwenye maji kwanza: yaliyoelea tukatupa, yaliyozama tukapika. Kwa mahindi adui ni dumuzi, yule wanayemwita Scania, aliyegunduliwa Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980 na kuwatia wakulima umaskini. Siku hizi ipo mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa. Ukiufunga vizuri, wadudu wanakosa pumzi wanakufa bila dawa. Hapo tu ndipo ninapoafiki kulipa zaidi ya bei ya mfuko wa kawaida.

Umeme wa LUKU unaisha haraka. Nifanyeje?

Kwanza jua uko daraja gani. Wateja wa majumbani wanaotumia kidogo wana daraja lao: uniti 75 za kwanza kwa mwezi huuzwa shilingi 100 kila moja, na ukivuka hapo kila uniti ni 350. Daraja la kawaida ni shilingi 292 tangu uniti ya kwanza. Hizo ni bei kabla ya VAT na tozo nyingine. Kwa hiyo uniti 75 zinamgharimu mmoja 7,500 na mwenzake 21,900. Na tangu 2021 kodi ya majengo inakatwa humo humo kwenye LUKU, usije ukadhani mita imekuibia.

Uniti 75 kwa mwezi ni uniti mbili na nusu kwa siku. Hicho ndicho chakula chako, sasa kigawe. Taa sita za LED za wati 9 zikiwaka saa tano kila moja hazifiki hata theluthi ya uniti. Taa moja tu ya zamani ya wati 60, ile ya waya mwekundu, kwa saa hizo hizo tano inakula zaidi ya hizo sita zote. Ukiona bado ipo chooni, ing'oe leo. Televisheni ya wati 60 kwa saa tano ni kama theluthi. Friji dogo la kwetu linakula karibu uniti moja. Jiko la koili la wati 2000 likiwaka saa moja na robo, limefuta posho yote ya siku.

Adui basi ni joto: pasi, jiko, hita ya kuogea, birika. Taa na redio zinaonewa tu. Pasi ya wati 1000 hula nguvu nyingi inapopata moto, kwa hiyo kunyoosha shati moja kila asubuhi ni kuilipa ipate moto mara sita kwa wiki. Sisi tunapiga pasi Jumapili jioni, nguo zote: zinazotaka moto mdogo mwanzo, za pamba nzito katikati, kisha tunazima na kumalizia leso na vitambaa kwa joto lililobaki.

Mume wangu alipinga mpaka nilipoanza kusoma mita kila siku saa mbili usiku na kuandika kwenye kalenda ya ukutani. Sasa anasoma yeye. Kuna siku alirudi ndani akitangaza "moja nukta tisa!" kama matokeo ya mpira.

Nichomoe chaja ya simu kila nikimaliza?

Ukipenda. Chaja ya kisasa isiyo na simu hula chini ya nusu wati. Iache ukutani mwaka mzima, haifiki uniti tano. Hizo ni pungufu ya saa tano za pasi. Anayewagombeza watoto kwa chaja huku birika la umeme likichemsha lita mbili kwa kikombe kimoja cha chai amekosea pa kugombea. Chemsha kikombe unachokunywa, kinachozidi mwaga kwenye chupa ya chai.

Na friji, nizime usiku?

Hapana. Friji lina kidhibiti joto, linawaka na kujizima lenyewe. Ukilizima usiku, asubuhi mashine itaunguruma mfululizo kurudisha ubaridi, ulichookoa ni kidogo, na maziwa yamechacha. Angalia mpira wa mlango: bana noti kati ya mlango na fremu, uivute. Ikitoka bila kukaza, ubaridi unavuja hapo. Lisogeze pia mbali na ukuta na jiko. Barafu ikijaa kwenye jokofu iyeyushe, usiichokonoe kwa kisu. Nawajua wawili waliotoboa bomba la gesi.

Maharage yanamaliza mkaa. Kuna njia?

Zipo nne, na unaweza kuzitumia zote kwa sufuria moja.

Loweka usiku kucha, maji ya kulowekea mwaga. Hilo peke yake linapunguza sana muda wa kuiva, na tumbo litakushukuru. Pili, kifuniko, na juu yake jiwe. Mtu anayechemsha sufuria wazi anapasha mtaa. Tatu, jiko. Jiko la bati tupu linamwaga joto pembeni, lile lenye udongo ndani linalitunza. Tofauti ya bei inarudi haraka.

Ya nne ndiyo inayonifanya niitwe mchawi: kikapu. Nina tenga kubwa la kununulia nyanya, nimelizungushia ndani vipande vya godoro kuukuu na khanga mbili. Maharage yaliyolala kwenye maji nayachemsha kwa nguvu dakika ishirini na tano. Sufuria ikiwa bado inatokota naifunika, naitumbukiza kikapuni, juu naweka mto wenye pamba, halafu naondoka kwenda kazini. Hakuna moto. Nikirudi mchana sufuria bado inaunguza vidole na maharage yamelainika. Nabandika dakika kumi tu kuunga nazi na kitunguu. Mara ya kwanza mama mkwe alifunua tenga, akaona mvuke unatoka kwenye godoro, akasoma dua.

Usiruke ile hatua ya kuchemsha kwa nguvu. Maharage, hasa mekundu, yana sumu ya asili inayovunjwa na mchemko wa kweli wa angalau dakika kumi. Uvuguvugu wa kikapu peke yake hauitoshi. Wali unaivia humo vizuri zaidi: ukishachemka dakika tano, zamisha.

Magadi nayo hulainisha haraka, ila yanaharibu baadhi ya vitamini, na ukizidisha chakula kinakuwa na ladha ya sabuni. Mimi siyatumii.

Ukimaliza kupika, makaa yaliyobaki usiyamwagie maji. Yatie kwenye debe lenye mfuniko, yakose hewa yazime. Kesho ndiyo kianzio. Ila jiko lenye makaa lisilale chumbani na watu, hata iwe baridi ya Njombe au Mbeya. Hewa ya mkaa haina harufu, na kila msimu wa baridi tunasikia familia iliyolala isiamke.

Kiporo ni salama?

Kiporo cha maharage na chapati asubuhi ni chakula cha heshima, na ugali uliolala ukikatwa vipande ukachomwa, ukaliwa na chai ya rangi, mimi siubadilishi na mkate. Wali ndio wa kuogopa. Kuna vimelea ambavyo mbegu zake hazifi kwa kupika. Wali ukikaa na joto la Dar masaa mengi vinaamka na kutoa sumu, na sumu hiyo haiondoki hata ukiupasha mpaka ukauke. Kwa hiyo wali ukibaki, utandaze kwenye sinia upoe haraka, uingie frijini. Huna friji? Pima mchele kwa kikombe, pika wa kwisha. Kwetu kila mla ana kikombe chake cha kupimia na ukoko unagombewa, hivyo kiporo cha wali ni tukio nadra.

Nyama imepanda. Watoto wale nini?

Dagaa. Wakavu, wanaliwa wazima na mifupa yao, maana yake protini na kalsiamu kwa mkupuo. Unaponunua, chota kiganjani usugue: waliokaushwa mchangani watakuachia mchanga, na ule mchanga umepimiwa kwa bei ya samaki. Waliokaushwa kwenye vichanja ni ghali kidogo ila kila gramu inaliwa. Nawakata vichwa, nawaosha maji ya moto, nawakausha kwenye sufuria kavu kwanza kabla ya nyanya. Shombo yote inaishia hapo.

Baada ya hapo kuna miguu na shingo za kuku, utumbo, vichwa vya samaki. Watu wa Mwanza wana mapanki, yale mabaki ya sangara baada ya viwanda kuchukua minofu, na supu yake haina dharau. Ukiwa Dar, nenda Feri mchana badala ya alfajiri. Wachuuzi wasio na barafu wanashusha bei kadiri jua linavyopanda. Lakini hapo tumia macho: mashavu yawe mekundu, jicho limejaa, ukibonyeza nyama irudi. Samaki laini kama unga wa chapati muachie mwenyewe, hata akikupa bure.

Mafuta ya kukaangia nirudie mara ngapi?

Mara mbili tatu, kama umekaanga viazi au maandazi bila kuyafanya yatoe moshi, ukayachuja yakipoa, ukayafunga kwenye chupa mbali na mwanga. Yaliyokaanga samaki yana maisha mafupi na yatabaki ya samaki daima. Yakianza kutoa povu, kunata au kufuka moshi kabla ya kushika moto sawasawa, yameisha. Usiyamwage kwenye sinki, yatakuletea fundi bomba.

Maji?

Ya kusuuzia nguo yanakwenda chooni. Ya kuoshea mboga yanakwenda kwenye mchicha wa ndoo. Kuoga ni ndoo na kata, lita kumi zinatosha mtu mzima. Masika na vuli tunakinga ya bati, ila mvua ya dakika za kwanza tunaiacha ioshe vumbi na kinyesi cha ndege kwanza. Bomba linalodondoka, tega kikombe usiku mmoja. Kitakachojaa kitakufanya uende dukani asubuhi kununua washa, kile kimpira cha ndani ya bomba.

Mitumba ipi yafaa?

Karume siku belo linapofunguliwa, kama una nguvu za kugombania na hujali kukanyagwa. Walio Moshi wana Memorial, Nairobi wana Gikomba. Wa kwanza analipa ya juu anapata nzuri. Anayekwenda jioni anapata rundo la "jero jero" na lazima ajue kuangalia. Mimi naangalia vitu vitatu: kwapa, zipu, na mshono wa ndani ya mapaja. Rangi haijalishi, rangi inatiwa upya.

Mashati ya shule nanunua makubwa kwa saizi mbili na kuyapinda. Kila mwaka nafumua pindo moja, na ule mstari wa zamani haufutiki. Mtoto wangu wa kati aliwahi kuulizwa na mwenzake kama mistari ile ni vyeo.

Nguo za ndani za mitumba zimepigwa marufuku na TBS, na kwa hilo sihitaji kushawishiwa.

Bando na makato ya simu vinanimaliza.

Nunua bando la wiki au mwezi, usinunue la siku. Ni hadithi ile ile ya mkaa wa kopo. Zima video zinazojicheza zenyewe na picha zinazojipakua kwenye magrupu. Grupu la ukoo wetu peke yake lilikuwa linakula robo ya bando kwa "asubuhi njema" zenye maua.

Makato ya kutuma na kutoa yamepangwa kwa ngazi, kwa hiyo kutoa elfu tano mara nne kwa kawaida kunakugharimu zaidi kuliko kutoa ishirini mara moja. Ukilipa dukani kwa lipa namba unakwepa ada ya kutoa. Tozo ya miamala ilipoanza Julai 2021 wengi walirudi kubeba noti, na wengine tukajifunza ndipo kwamba tulikuwa tukituma pesa kwa mazoea kama tunavyosalimiana.

Nina gari. Nikishuka mlima niweke gia huru kuokoa mafuta?

Usithubutu. Magari ya sasa yenye mfumo wa kupuliza mafuta, ukiachia pedali huku gia imeingia, mafuta yanakatwa kabisa. Ukiweka huru, injini inahitaji mafuta ili isizime. Unatumia zaidi na umepoteza msaada wa injini kwenye breki. Jaza upepo matairi na utoe mzigo uliozunguka nao kwenye buti tangu Krismasi.

Michango ya harusi. Hapo nisaidie.

Hapa ndipo nilipopata maadui wa kweli. Kwenye daftari langu la mwaka wa kwanza, michango ya harusi, vipaimara, kitchen party na sherehe za kuaga ilizidi ada ya shule ya mtoto mmoja. Kila kadi inakuja na bei: ya mtu mmoja, ya wawili. Kisha anafuata mjumbe wa kamati anayepiga simu saa tatu usiku kama anadai kodi.

Nilichofanya: Januari tunakaa na mume wangu tunatenga fungu la mwaka. Tunagawa kwa damu na ukaribu. Watoto wa ndugu zetu wa tumbo moja wana nafasi, jirani anayetuzika ana nafasi, mfanyakazi mwenzangu wa ghorofa ya pili ambaye sijui jina la mke wake hana. Fungu likiisha, limeisha. Jibu langu ni fupi na la mapema: "Shemeji, hongereni sana, mwaka huu mfuko wetu wa michango umefungwa, nitakuja kusaidia kupika." Na nakwenda kweli, alfajiri, na kisu changu. Kinachokera watu ni ahadi isiyolipwa. "Nitatoa tu, nitatoa" mpaka wiki ya harusi ndiyo dharau, kwa maana kamati imeshalipa ukumbi kwa kuitegemea.

Misiba siihesabu humo. Msiba una fungu lake, na haujawahi kufungwa.

Na kuhusu kufungasha chakula cha harusini: kikishabaki na mwenyeji akaruhusu, fungasha. Ila wale waliokuwa wakiingia na rambo kwenye pochi kabla ya keki kukatwa walipata pigo Juni 2019 mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku. Siku hizi wanakuja na kontena zenye mifuniko. Ubunifu haufi.

Akiba niweke kwenye kibubu au kikoba?

Kibubu ni kizuri kwa sarafu na kwa watoto. Kwa mtu mzima kina kasoro mbili: kinavunjika usiku wa shida ndogo, na pesa yake haizai. Cha kwetu cha udongo kilivunjwa mara moja kwa ajili ya king'amuzi wakati wa Kombe la Dunia. Sitamtaja mvunjaji, ila tunalala kitanda kimoja.

Mchezo, ule upatu wa kupokezana, unakupa kiasi kikubwa kwa zamu bila riba. Unafaa kwa kitu kimoja kama kitanda au ada. Kikoba kinakwenda mbali zaidi: mnanunua hisa, mnakopeshana kwa riba ndogo, mwisho wa mzunguko mnagawana. Mtindo huo wa vikundi ulianzia Niger mwaka 1991, shirika la CARE lilipofanya kazi na wanawake wa vijijini, ndipo ukasambaa Afrika nzima. Angalieni vitu viwili kabla ya kuingia: sanduku liwe na kufuli tatu na funguo kwa watu watatu tofauti, na hesabu zisomwe kwa sauti mbele ya wote. Tangu sheria ya huduma ndogo za fedha ya 2018 vikundi vinatakiwa kusajiliwa. Anayewaambia usajili ni usumbufu, muulizeni anamsumbua nani.

Kausha damu kaeni nayo mbali. Mkopo wa laki moja unaorudishwa laki na thelathini ndani ya mwezi, na kadi yako ya benki wameishika, unameza vipande vya sabuni ulivyobandika mwaka mzima, mapindo ya mashati na kikapu cha maharage pia. Kama una deni la namna hiyo, usiweke akiba popote kwanza. Kila shilingi iende huko.

Wewe hubanii nini?

Dawa na dozi yake kamili. Chandarua. Kofia ngumu ya pikipiki. Viatu vya mtu anayesimama siku nzima. Waya wa umeme ndani ya nyumba. Fundi wa bei ya kutupa pamoja na waya mwembamba ni moto uliopangiwa tarehe. Na taulo za kike za binti yangu, ambazo hakuna anayeruhusiwa kuziuliza kwenye daftari.

Watoto hawaoni aibu?

Wa kwanza aliona, alipokuwa darasa la sita. Nikampa daftari la mwezi mzima alishike yeye, aandike, ajumlishe, apange. Wiki ya tatu alikuja kuniuliza kwa nini baba ananunua soda kazini wakati juisi ya ukwaju iko frijini. Sasa mwenye aibu ni baba.

Majani ya chai yaliyotumika naweza kuyachemsha tena?

Unaweza. Rangi inapauka, kwa hiyo mimi naongeza tangawizi iliyopondwa na kipande cha mdalasini, naacha yatokote muda mrefu kidogo. Wageni hawajui. Shemeji yangu ameinywa miaka yote hiyo akiisifia kwamba chai ya kwetu haina makali. Jumapili iliyopita alikuja na paketi yake ya majani mfukoni, akaiweka mezani mbele yangu bila neno. Tumeichanganya na ya zamani, imetosha wiki mbili.